Shuka la Bi Kalathoumi

Nourdine aliwajua wanawake wa Mutsamudu kwa sauti. Sura zao hakuzijua, isipokuwa za vikongwe walioacha zamani kujali nani anawatazama. Lakini mwanamke akianza tu kueleza habari za mgongo wake, Nourdine angekwambia ni wa nyumba gani, ana watoto wangapi, na kama unaomuuma ni mgongo kweli au ni mume. Miaka kumi na mitano alikuwa muuguzi katika hospitali ya mji ule, na muda mwingi wa miaka hiyo aliupitisha akiwa amesimama nyuma ya shuka.

Shuka lenyewe lina kisa chake. Nourdine alizaliwa Moroni, mtaa wa Magoudjou, akasomeshwa uuguzi na Wafaransa, kisha akavushwa bahari akiwa kijana kwenda kufanya kazi Mutsamudu, mji wa kisiwa kingine, pamoja na Daktari Perrin. Perrin alikuwa Mfaransa mrefu mwenye hasira za karibu, na katika lugha yote ya kisiwa kile alichokijua ni salamu. Alimtaka Nourdine awe mdomo wake. Wanawake wa mji, hasa wale wa nyumba za mawe, hawakutaka. Kumwonyesha Mzungu tumbo hawakuona neno: hakuwa wa dini yao, hangeoa kwao, hangekaa barazani na waume zao, kwa hiyo kwao alikuwa kama ukuta. Mashekhe wangeulizwa wangekuwa na la kusema juu ya hesabu hiyo, lakini hawakuulizwa. Nourdine alikuwa shauri jingine. Alikuwa Mwislamu, kijana, anasali Ijumaa safu moja na kaka zao. Huyo walimhesabu mwanamume.

Basi kazi ikakwama. Aliyeona hakuelewa, na aliyeelewa alifukuzwa chumbani. Hali ilikuwa hiyo mpaka siku alipokuja Bi Kalathoumi, mke wa mfanyabiashara wa mjini, ziwa limemvimba kwa usaha na mtoto mchanga wa kike analia mapajani kwa njaa. Bi Kalathoumi hakuwa mtu wa kuzunguka. Alimtuma mtumishi wake nyumbani akalete shuka jeupe na kamba, likafungwa katikati ya chumba, naye akapanga watu kama anayepanga sufuria rafuni: Mzungu huku, Nourdine kule.

"Huyu atazame asielewe," alisema, "na yule aelewe asitazame."

Daktari alipotafsiriwa maneno hayo alicheka mpaka akavua miwani. Ziwa likatumbuliwa, mtoto akanyonya, na shuka likabaki pale. Likichakaa, Bi Kalathoumi alileta jingine. Mtoto yule aliitwa Hakima, na kwa hiyo kilio cha Hakima ndicho kitu cha kwanza Nourdine alichokisikia kutoka upande wa pili.

Usidhani ilikuwa kazi ya ukalimani tu. Perrin alibonyeza, akagonga, akasikiliza kifua, kisha akageukia shuka na kusema kwa Kifaransa, "Mikono yangu inasema hivi. Masikio yako yanasemaje?" Na Nourdine hakuwa mtu wa kuitikia ovyo. Kuna siku daktari alisema mwanamke fulani ana vidonda vya tumbo, Nourdine akamwambia sivyo, pumzi inamwishia kabla hajamaliza sentensi, mpime tena moyo. Na kweli moyo ulikuwa mbovu. Kuna siku Nourdine aliapa kwamba binti fulani hana lolote ila hofu ya mama mkwe, na Perrin akambishia, akampasua adhuhuri ileile, akatoa kidole-tumbo kilichokaribia kupasuka. Walibishana kwa sauti, kila mmoja upande wake wa shuka, na mgonjwa kati yao akishangaa kama kuna ugomvi. Daktari alimwita Nourdine mbishi. Nourdine alimwita daktari kiziwi. Wagonjwa wakapona au hawakupona, lakini hakuna aliyepita pale kwa neno la mtu mmoja.

Wala hawakuwa marafiki. Katika miaka yote hiyo hawakuwahi kula pamoja hata mara moja.

Kula kwa Nourdine kulikuwa jambo la peke yake. Katika visiwa vyetu vile nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea bintiye, na mwanamume ni mtu wa kuingia. Mke wa Nourdine, Hayati, alikuwa na nyumba yake kule Magoudjou, na hakuwa tayari kuiacha ikae na mijusi ili amfuate mtu kisiwani kwa watu. Hawakujaliwa mtoto. Nourdine alikwenda Moroni kila alipopata likizo, akapokewa vizuri, akapikiwa vizuri, na akiulizwa lini anarudi alijua anaulizwa kwa upendo, lakini aliulizwa. Huku Mutsamudu wenzake walimsumbua aoe mke wa pili apate mlango wa kuingilia jioni kama watu. Alikuwa amemwahidi Hayati, na kwa ahadi alikuwa mbishi vilevile. Akapanga chumba cha chini katika nyumba ya Bi Kalathoumi, ambaye wakati huo alikuwa amefiwa na mumewe.

Kila magharibi ilishuka sahani ya chakula imefunikwa kawa, na kila asubuhi Nourdine aliirudisha na kitu juu yake, ndizi mbili, sukari kidogo, kiberiti, kwa sababu sahani ya jirani hairudishwi mikono mitupu. Miaka ya mwanzo aliyeileta ni Hakima. Alikuwa mtoto mwenye pengo la meno ya mbele, akiweka sahani kizingitini, akisema "kwezi", salamu ya mdogo kwa mkubwa, kisha akikimbia ngazini kabla hajajibiwa. Siku moja aliyeshuka na sahani alikuwa mtumishi. Nourdine hakuhitaji kuuliza. Hakima amekua, amewekwa ndani.

Tangu hapo alimsikia tu, kupitia mbao za dari. Alimsikia akisoma Kurani, akigombana na masufuria, akicheka peke yake kwa jambo ambalo Nourdine angetoa mshahara wa mwezi kulijua. Mtu mzima, muuguzi wa serikali, alikuwa akichelewesha kulala ili asikie mtoto wa watu anacheka. Alimpenda kama binti yake, na hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo. Watu wakimtania kwamba Hakima na mama yake ni sura moja iliyogawiwa watu wawili, yeye aliitikia tu. Ya binti aliyoikumbuka ilikuwa na pengo, na ya mama hakuijua kabisa, maana Bi Kalathoumi alizungumza naye daima kutoka nyuma ya mlango, au akipita uchochoroni, shiromani yake, nguo ya kujitanda, ameivuta juu na kuing'ata pindo, na kilichobaki wazi kimepakwa liwa ya msandali.

Uhuru ukaja. Julai ya sabini na tano bendera ikapandishwa, watu wakapiga vigelegele, Nourdine naye akapiga makofi na akafurahi kweli. Kabla mwaka haujaisha, serikali ya Ufaransa, ambayo ilikuwa imenuna, iliita watu wake wote warudi: walimu, wahandisi, madaktari. Perrin alipewa muda mfupi wa kufunga mizigo. Alizunguka wodini akampa kila mtu mkono, na mwisho akafika kwa Nourdine.

"Sasa utabishana na nani?" aliuliza.

Wakacheka wote wawili, na gari likamchukua kwenda uwanja wa ndege wa Ouani.

Mwanzo Nourdine alingoja daktari mwingine. Alipochoka kungoja alipanda chombo kwenda Moroni kumwomba. Hospitali kuu ilikuwa imejaa mpaka varandani, na daktari mpasuaji aliyebaki alikuwa mmoja wa kigeni, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akitoka kwenye meza moja ya upasuaji na kuingia nyingine. Alimsikiliza Nourdine akiwa amesimama. Akamwambia hana mtu wa kumpa, asubiri; mgonjwa wa kupasuliwa amtie kwenye ndege amlete. Kisha akampiga bega kwa wema na kumwambia kwamba kule Mutsamudu daktari sasa ni yeye. Ilikuwa sifa, na wenzake waliokuwa karibu walimpongeza. Nourdine alitoka nje akakaa kwenye ngazi kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Hayati usiku ule alimwambia abaki, kazi haikosekani Moroni. Alifikiri sana. Akarudi Mutsamudu, kwa sababu kule hakukuwa na mtu mwingine.

Aliyemsaidia sasa ni Batoul, mwanamke wa milimani, mpole, aliyeanza kwa kufagia wodi na kuishia kujifunza kazi yenyewe kwa kutazama. Batoul ndiye aliyechukua upande wa daktari mbele ya shuka. Nourdine, kutoka nyuma, alimwelekeza: bonyeza chini ya mbavu, shusha, sasa kulia, hesabu mapigo. Mikono ya Batoul ilikuwa myepesi na wagonjwa waliipenda. Nourdine, ambaye Batoul alimwita fundi kama walimu wanavyoitwa kule, akamfundisha hata maneno ya Perrin.

"Batoul, mikono yako inasemaje?"

"Inasema hivyohivyo ulivyosema wewe, fundi."

Alimcheka mara ya kwanza. Akamweleza kwamba sivyo inavyotakiwa, aseme anachokisikia yeye. Batoul akaitikia vizuri sana, na mara iliyofuata akajibu vilevile. Kulelewa kwake kulimwambia kwamba mkubwa akishasema, mdogo hafungui mdomo kumrudi, na fundi Nourdine alikuwa mkubwa kwa umri, kwa elimu, kwa uanaume na kwa mshahara. Ingekuwaje amkatalie? Na Nourdine, tuseme ukweli, alichoka kusisitiza. Wagonjwa walikuwa wengi. Kwa kuwa jibu alilijua litakuwa ndiyo, taratibu hata swali lilibadilika mdomoni mwake. Badala ya kumuuliza Batoul mikono inasemaje, akawa anasema yeye, ni homa hii, kisha anamalizia, sivyo? Na Batoul anajibu, ndivyo, fundi. Kazi ilikwenda haraka. Wengi walipona, na kila aliyepona alimzidishia Nourdine imani ya masikio yake.

Mwaka wa sabini na saba vijana wa kamati ya mapinduzi walikuja hospitalini. Serikali mpya ilikuwa imewapa wanafunzi madaraka, na wao walikuwa na haraka ya kuubadilisha ulimwengu kabla ya mitihani. Walikwisha kupiga vita arusi kubwa za gharama na mashiromani ya kufunika nyuso. Sasa wakaliona shuka. Wakasema liondoke, ni kiza cha zamani. Nourdine aliwajibu kwa upole kwamba shuka likiondoka wanawake hawatakuja, na wasipokuja watakufa majumbani, je, kamati itakwenda kuwatibu? Wakasitasita, wakaondoka na onyo. Alijiona ameshinda. Jioni Bi Kalathoumi, aliyekuwa amepata habari kabla hata Nourdine hajafika nyumbani, alimshukuru kutoka nyuma ya mlango na kumwita mwanangu, na sahani ilishuka na kipande cha samaki kikubwa kuliko siku zote.

Hakima alikuwa ameolewa miezi michache nyuma, arusi ndogo ya haraka kwa hofu ya kamati. Mume akahamia juu. Kicheko kikapungua kidogo darini, kikawa cha watu wawili, na Nourdine akaridhika nacho.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua Bi Kalathoumi alimleta Hakima hospitalini kwa machela. Wiki ile wodi ilikuwa imejaa homa ya malaria, watu wanatetemeka mpaka vitanda vinalia. Nourdine alisimama mahali pake nyuma ya shuka, na moyo ulimruka aliposikia "kwezi" kutoka upande wa pili. Ilikuwa sauti ya ngazini, imekua tu.

Alimuuliza polepole. Hakima akajibu kwamba tumbo linamuuma tangu jana, chini, na ametapika, na akisimama kizunguzungu. Damu ya mwezi imechelewa. Bega pia linamuuma, lakini labda amelilalia. Mama yake akaongeza kwamba usiku alikuwa na joto. Sauti ya Hakima ilikuwa tulivu, maneno yamepangwa, wala hakuugua hata mara moja. Mama yake alikuwa amemshika mkono, shangazi za mume walikuwa wamejipanga ukutani, na mwari wa nyumba ile alifundishwa tangu utotoni kwamba mwanamke halii mbele ya wakwe. Alikuwa akitii. Nourdine, aliyejivunia kusikia hata pumzi inayoishia njiani, alisikia binti mwenye nguvu.

Ndege ya Moroni ilikuwa ikiondoka Ouani mchana ule. Alilikumbuka hilo. Aliyawaza, kwa haki yake tuseme, aliyawaza: kumtia mwari kwenye gari mpaka Ouani, kumrusha mpaka Moroni kwa wageni, ikaonekana ni homa na mimba changa tu, na kisha mama yake aulize mbona mwanawe alitolewa nje mbele ya mji mzima. Akaamua.

"Ni homa, na nadhani ana mimba changa," alisema. "Batoul, joto limeanza kushuka, sivyo?"

Upande wa pili Batoul aligusa tena paji la uso.

"Ametoka jasho, fundi. Amepoa."

"Na tumbo ni kichefuchefu cha homa, sivyo?"

"Ndivyo, fundi."

Mapigo yalikuwa ya mbio, na kwa homa hayo ni ya kawaida. Akaagiza kwinini na maji ya kunywa na alazwe palepale apumzike. Baadaye kidogo, akiwa anamhudumia mtoto wa mtu mwingine, alisikia ndege ikipita juu ya mji kuelekea Moroni. Hakuinua hata kichwa.

Hakima alifariki kabla ya magharibi. Batoul alikuja mbio akimwita, na alipofika shuka lilikuwa bado limening'inia, na nyuma yake wanawake walikwisha kuanza kulia. Kwa hiyo hata hapo hakuingia. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, ikapasuka, na binti yule alikuwa akivuja damu ndani kwa ndani tangu asubuhi, huku akijibu maswali kwa adabu. Nourdine alilijua hilo dakika aliyoambiwa alivyokufa. Kila kitu kilikuwa kimesemwa. Bega, kizunguzungu, jasho la baridi. Mtu yeyote ambaye angemtazama usoni angeona midomo imekuwa myeupe.

Alitembea nyuma ya jeneza na wanaume wengine. Aliporudi, Bi Kalathoumi alimwambia kutoka nyuma ya mlango kwamba amri ni ya Mungu na yeye alifanya aliloweza. Angemtukana ingekuwa nafuu. Magharibi sahani ikashuka kama kawaida, kutoka nyumba yenye msiba, imefunikwa kawa. Aliiweka mbele yake akaitazama mpaka wali ukapoa, na juu darini kulikuwa kimya.

Siku chache baadaye, wakiosha vyombo, Batoul alizungumza bila kumtazama.

"Tumbo lake lilikuwa gumu, fundi. Gumu kama ngoma iliyowambwa. Na mikono yake ilikuwa baridi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikujua maana yake. Halafu wewe ulikuwa umeshasema."

Nourdine alivuta kigoda akakaa. Hakuweza kumkasirikia. Alitafuta hasira akakuta inamrudia mwenyewe, kwa sababu ni kweli alikuwa ameshasema. Msichana hakutaka kulia, Batoul hakutaka kumrudi, yeye hakutaka kutazama. Kila mmoja alikuwa na adabu zake, na kwa adabu hizo wote watatu walikuwa wamemwua Hakima bila mtu kumkosea mwenziwe heshima. Akamkumbuka Perrin na makelele yake. Miezi yote aliyojiona mpweke alidhani anakosa mtu wa kumwamuru. Kumbe alichokosa ni mtu wa kumwambia hapana.

Akasimama, akafungua kamba, akalishusha shuka.

Kamati ilisikia, ikafurahi. Ijumaa yake kijana mmoja alisimama uwanjani na kumsifu Nourdine kuwa mfano wa mfanyakazi wa mapinduzi, aliyeelewa hatimaye. Nourdine alikuwa pale, hakujua aweke wapi uso. Mji mzima ukaelewa kwamba Mngazidja, yule mtu wa Moroni, amejiunga na watoto wa kamati. Barazani walimjibu salamu na kuendelea na mazungumzo yao bila kumsogezea nafasi. Angewaeleza nini? Kwamba hakulishusha kwa ajili ya kamati? Ingebidi ataje jina la Hakima barazani, na hilo hangelifanya.

Alilifua shuka kwa mikono yake, akalianika, akalikunja, akaliweka juu ya sahani ya Bi Kalathoumi na kulifunika kawa. Asubuhi ile hakumpa mtumishi. Alipanda ngazi mwenyewe, akabisha, akaiweka kizingitini. Alisikia mlango ukifunguka kidogo na kawa likiinuliwa.

"Na sisi tuliobaki," sauti ya Bi Kalathoumi ilisema, "utatupimaje?"

"Kwa macho, mama."

Mlango ukafungwa. Magharibi ile sahani haikushuka, wala ya kesho yake. Nourdine akajifunza kupika wali, na kwa muda mrefu aliula ukiwa umeungua chini na mbichi juu.

Wanawake waliacha kuja, kama alivyowaambia vijana wale. Walikuja wa milimani, ambao hawakuwa na mashuka ya kuringia, na vikongwe, na wale ambao maumivu yameshinda haya yao. Nafasi iliyopatikana aliitumia kumfundisha Batoul kitu kimoja tu, nacho kilikuwa kigumu kuliko sindano. Alimketisha mbele ya mgonjwa, naye akakaa upande wa pili, wakitazamana, akamwambia aseme yeye kwanza. Batoul alitoka jasho. Alisema "labda", alisema "wewe ndiye unayejua". Nourdine akakaa kimya kwa makusudi, mgonjwa akiwatazama mmoja baada ya mwingine. Ilichukua wiki nyingi. Siku moja Nourdine alisema uvimbe wa mzee fulani ni wa figo, na Batoul, akiangalia sakafu, akasema hapana, fundi, mimi naona ni ini. Akaziba mdomo kwa mkono kama aliyetapika. Ilikuwa ini. Hata isingekuwa ini, Nourdine angefurahi vilevile, na jioni alipokuwa akila wali wake ulioungua alikuta anatabasamu, akatamani kuna mtu wa kumsimulia.

Hayati alimpelekea salamu kwa msafiri: arudi, amekonda, watu wanasema. Hakumjibu kwa ndiyo wala hapana. Usiku, mtumishi akishaondoka, juu darini alisikia nyayo za mtu mmoja tu, maana mume wa Hakima alikuwa amerudi kwao. Nyayo zilikwenda mpaka dirishani, zikarudi. Walikuwa wakiishi hivyo, yeye chini na mama yule juu, kila mmoja akimsikia mwenziwe alivyo peke yake, na ngazi kumi hivi kati yao ambazo hakuna aliyezipanda wala kuzishuka kwenda kwa mwenziwe.

Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, asubuhi, Batoul alimwita chumba cha kupimia. Alimkuta mwanamke mtu mzima ameketi juu ya kitanda, ameshika kifua. Hakuja na mtumishi wala shangazi. Shiromani yake ilikuwa mabegani, imeshuka. Uso wake ulikuwa umeoshwa, hauna liwa, na kamba ya zamani ya shuka ilikuwa bado imening'inia ukutani nyuma yake, imesahauliwa.

Nourdine alikuwa karibu kumuuliza jina. Ndipo mwanamke akazungumza, na sauti akaijua.

"Ulisema kwa macho," alisema Bi Kalathoumi. "Basi tazama."

Alikuwa na paji pana, na nyusi zilizokaribia kukutana, na kishimo kidogo upande mmoja wa mdomo, kile ambacho huonekana mtu anapocheka. Mji mzima ulikuwa ukisema kwamba mama na mwana ni sura moja. Nourdine alisimama pale, na kwa mara ya kwanza tangu binti yule alipokuwa mtoto wa pengo la meno ngazini, akamwona Hakima.

Batoul alikuwa ameshaketi upande wake, mikono tayari, akingoja. Nourdine akavuta kigoda akaketi na kumuuliza mama yule anaumwa wapi.